Nta, Njia na Tunda: Historia ya Utando wa Matunda katika Nyanda za Juu Kusini

Tunda lililo hai

Tunda lililokatwa katika tawi lake li hai bado. Huvuta hewa na kuitoa, huchoma sukari na mafuta lililoyaweka akiba siku lilipokuwa likinyonya mti, na hupoteza maji kidogo kidogo kwa vitundu vya ganda lake, hata akiba ikiisha nyama hulegea, rangi hugeuka, na ukungu uliokuwa ukisubiri nje hupata njia ya kuingia. Mwenyezi Mungu hakuliacha tunda bila ya kinga katika hali hiyo: juu ya ngozi ya kila embe, chungwa, ndizi na parachichi umetandazwa utando mwembamba wa nta, nao ndio ung'aao kidogo tunda likisuguliwa kwa kitambaa. Binadamu katika kuosha, kusugua na kupakia huuharibu utando huo, na elimu yote ya kuyapaka matunda nta, gundi na mafuta ya mimea ni jitihada ya kurudisha au kuongeza kile ambacho maumbile yalikwisha kukiweka.

Utando uliopakwa vizuri hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwani huzuia maji yasitoke, na huipunguza hewa iingiayo na itokayo, tunda likapumua polepole na kukawia kuiva. Ukizidi unene, tunda hukosa hewa kabisa, sukari yake huchacha ndani kwa ndani, na mlaji hukuta ladha ya pombe mahali alipotarajia utamu. Ukipungua, ni sawa na tunda lisilopakwa kitu. Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo ilipo sanaa yote, na ndiyo maana imechukua dahari kuimudu.

Katika Mbeya na Iringa, nchi ya milima na mabonde iitwayo Nyanda za Juu Kusini, habari hii ina ajabu yake peke yake. Hapa matunda yalikuwapo kwa wingi, na nta ikawapo kwa wingi, na kwa muda wa karibu miaka 100 vitu viwili hivyo vilipita njia mbalimbali bila ya kukutana. Kueleza kwa nini havikukutana, na ni mambo gani yamevisogeza hata vikawa karibu kugusana katika zama zetu, ndiyo makusudio ya maandishi haya.

Kabla ya 1891: maarifa ya kuivisha

Watu wa Rungwe waliishi katikati ya migomba tangu zama ambazo hazikuandikwa. Mvua ya Tukuyu, ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo uliotokana na majivu ya volkano viliifanya ndizi kuwa chakula cha kila siku na kivuli cha kila nyumba. Ndizi nyingi zilipikwa mbichi; na zile zilizotakiwa ziive zilivundikwa, yaani zilifukiwa shimoni au kufunikwa kwa majani makavu, na joto pamoja na moshi vikafanya kazi ambayo wanasayansi walikuja kuitambua baadaye kuwa ni ya gesi ya ethilini. Maarifa ya watu wa zama zile juu ya tunda, basi, yalikuwa maarifa ya kuharakisha. Kuchelewesha kungekuwa na faida gani, ilhali mgomba mwingine u nyuma ya nyumba, na jirani naye ana wake?

Upande wa Uhehe na Ubena hali ilikuwa hiyo hiyo kwa njia nyingine. Makusu ya misitu ya miombo yaliokotwa katika msimu wake na kuliwa siku ile ile, na kilichowekwa akiba kilikuwa kikavu: ulezi, mtama, kunde, nyama iliyobanikwa. Tunda halikuwa bidhaa, na kwa kuwa halikuwa bidhaa, kuoza kwake hakukuwa hasara ya mtu yeyote.

Misitu hiyo hiyo ilikuwa makao ya nyuki. Mizinga ya magome na ya magogo iliangikwa mitini, asali ikaliwa, au ikafanywa wanzuki, pombe iliyokuwa na heshima yake katika ngoma na matambiko, na masega yaliyokamuliwa mara nyingi yakatupwa, mpaka pale pwani ilipoanza kuiulizia nta. Wafanya biashara wa Kilwa, Bagamoyo na Unguja waliijua thamani yake, kama walivyoijua thamani ya sandarusi, utomvu uliochimbwa ardhini mrima na kusafirishwa mpaka Salem katika Marekani, ambako ulifanywa vanishi ya kupaka samani na magari ya farasi. Pwani yetu, kwa hivyo, ilikuwa ikiuza vitu vya kupakia vitu vya wengine kabla ya mtu yeyote hapa kufikiri kwamba tunda nalo laweza kupakwa.

1891 hadi 1918: mbegu za wageni na mzigo wa mpagazi

Mwaka 1891 una mambo mawili makubwa katika tarehe ya nchi hii. Tarehe 17 Agosti, pale Lugalo, majeshi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yaliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski; na katika mwaka huo huo wamisionari wa Kijerumani waliingia Unyakyusa kupitia Ziwa Nyasa, Alexander Merensky akiongoza wale wa Berlin na Theodor Meyer akianzisha kituo cha Wamoraviani pale Rungwe. La kwanza liliiahirisha dola ya Kijerumani huko Iringa kwa miaka michache, kwani ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894 na boma la Iringa likajengwa mwaka 1896. La pili lilileta vitabu, hospitali na miche. Katika bustani za misheni, kutoka milima ya Rungwe mpaka Ubena na Ukinga, zilipandwa mbegu za matunda ya kigeni: mapichesi, maplamu, matofaa, na miongoni mwa hayo parachichi, tunda la Amerika ya kati ambalo wenyeji waliliotesha kwa kokwa, likazaa kwa namna mbalimbali, refu na duru, la ganda laini na la ganda gumu, hata likasahauliwa kuwa ni geni.

Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilimlazimisha kila mtu kutafuta fedha, na fedha ilipatikana kwa kitu ambacho mpagazi aliweza kukichukua begani kwa majuma mengi bila ya kuharibika. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha kilo 30. Nta ilifaa mno kwa mzigo wa namna hiyo, maana haiozi, haivunjiki, na bei yake huko Ulaya, kwenye mishumaa, rangi za viatu na dawa, ilikuwa nzuri. Nayo pamoja na mpira wa porini ikawa katika mazao yaliyouzwa na Waafrika wenyewe katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Tunda, kwa upande wake, lisingeweza kuifikia pwani likiwa na umbo lake. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita Dodoma na Tabora, mbali na migomba ya Rungwe na bustani za Ubena. Hapo ndipo njia za nta na tunda zilipoachana waziwazi: moja ikaenda ng'ambo, la pili likabaki chini ya mti.

Ughaibuni: chungwa, mahakama na maabara

Yafaa tuiache kidogo milima ya Rungwe tuone nta ilifanywa nini huko ilikokwenda. Yaelezwa kwamba Wachina walikuwa wakiyapaka nta machungwa na malimau yao tangu karne ya 12 na ya 13, ili yastahimili safari ndefu ya kuelekea miji ya kaskazini, na kwamba waliona wazi kasoro ya kazi hiyo, yaani tunda kuchacha pale nta ilipozidi. Waingereza wa karne ya 16 walitumia mafuta ya nguruwe kwa makusudio yayo hayo, jambo ambalo halikuwa na mustakabali mkubwa.

Biashara ya kweli ilianza Marekani katika miaka ya 1920, mashamba ya machungwa ya California na Florida yalipokuwa yakitafuta njia ya kuipelekea miji ya mashariki matunda yenye kung'aa. Machungwa yalioshwa kwa maji na dawa, yakakaushwa, kisha yakapakwa nta, kwanza ile ya parafini itokayo katika mafuta ya ardhini, na baadaye nta za mimea na wadudu: karnauba, itokanayo na majani ya mnazi mwitu wa Brazil, lakiri, utomvu wa mdudu wa India, na nta ya nyuki, ambayo kwa sehemu ilitoka Afrika. Kampuni ya Brogdex, iliyokuwa na hataza ya namna moja ya kuyahifadhi machungwa, ilishindana na wakulima mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1931 ikaamua kwamba chungwa ambalo ganda lake limetiwa dawa ya boraksi lingali chungwa, si kitu kipya kilichotengenezwa, na kwa hivyo haliwezi kuhodhiwa na mtu kwa hataza. Hukumu hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Rungwe wala Iringa, walakini suala lililokuwa ndani yake, la nani ana haki juu ya tunda lililopakwa, limerudi katika zama zetu kwa sura nyingine.

Uingereza ilikuwa na haja yake: matofaa na nyama ya makoloni yalikuwa yakioza merini. Huko Cambridge, Franklin Kidd na Cyril West waligundua katika miaka ya 1920 kwamba tofaa, likikaribia kuiva, hupumua kwa ghafla kuliko kawaida, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Na mwaka 1934 Richard Gane akathibitisha kuwa tunda lenyewe hutoa ethilini, gesi iliyokuwa ikifanya kazi katika mashimo ya kuvundikia ndizi ya Rungwe bila ya kutajwa jina. Tangu hapo ilifahamika kwamba kumzuilia adui wa nje peke yake hakutoshi; yapasa tunda lenyewe lipunguziwe pumzi. Elimu ya utando ikapata msingi.

1919 hadi 1961: nchi ya mazao makavu

Chini ya Waingereza Nyanda za Juu Kusini zilipata miji, barabara za udongo, na walowezi. Dhahabu ya Lupa iliujenga mji wa Mbeya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, chai ikapandwa Mufindi na Rungwe, kahawa ikastawi Rungwe na Mbozi, na pareto ikaenea katika baridi ya Iringa na Njombe. Mtu akiyatazama mazao hayo kwa makini ataona sifa moja inayoyaunganisha yote: hukaushwa kwanza, ndipo husafirishwa. Serikali ya kikoloni haikukataza tunda, walakini lori lililopanda na kushuka kwa siku kadhaa katika matope ya masika lilichagua lenyewe ni kipi kinafaa kupakiwa. Naiona hii kuwa sababu kubwa kuliko zote katika historia tunayoisimulia, kubwa hata kuliko upungufu wa maarifa. Umbali ulikwisha kuamua kwamba nchi hii iuze vikavu, na vibichi vyake viliwe hapa hapa.

Nta ilikuwa miongoni mwa vikavu hivyo. Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika iliunda idara ya ufugaji nyuki, ikafundisha namna ya kuyeyusha masega, kuichuja nta na kuiondoa takataka, na nta ya Tanganyika ikapata sifa katika masoko ya ng'ambo. Kutoka misitu ya Chunya na Tabora mabonge ya rangi ya manjano yalikwenda bandarini, na huko ughaibuni sehemu yake ikatiwa katika vipodozi, mishumaa, na nta za kung'arishia vitu vya kila namna. Katika miaka hiyo hiyo parachichi za Rungwe zilianguka chini ya miti yake, zikaliwa na watoto waliotoka shule, na zilizobaki zikawa chakula cha nguruwe.

1968 hadi 1990: lami na reli

Mageuzi yalikuja kwa sababu ambayo haikuwa ya kilimo. Tangu Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kuifikia bahari isiyopita mikononi mwa walowezi, na kwa ajili ya shaba yake ilijengwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, iliyopata lami katika miaka ya kwanza ya 1970, kisha Reli ya Uhuru, TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Shaba ilifungua mlango, na nyanya ikapita.

Ilula, kando ya barabara hiyo katika wilaya ya Kilolo, ikawa nchi ya nyanya na vitunguu. Matenga yalipangwa kandokando ya lami, malori yaliyotoka Zambia na Mbeya yakasimama, na madalali wakajifunza kusoma rangi ya nyanya kwa hesabu ya safari: iliyoanza kuiva kidogo tu kwa Dar es Salaam, iliyo nyekundu kwa Iringa mjini. Ndizi za Tukuyu zilikatwa kijani kibichi na kupakiwa mikungu kwa mikungu. Huo ulikuwa uhifadhi wa kwanza wa tunda katika Nyanda za Juu, nao haukuwa na utando wowote ila hekima ya kuchuma mapema na majani ya migomba ya kutandikia. Wakati wa taabu ya mafuta na vipuri, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, lori likikwama chini ya mlima Kitonga, nyanya ziliteremshwa na kumwagwa, na hasara yote ilimwangukia mkulima, kwani dalali alilipa baada ya kuuza.

Kituo cha utafiti cha Uyole, nje kidogo ya Mbeya, kilichokuzwa kwa msaada wa nchi za Skandinavia, kilifanya kazi kubwa juu ya mahindi, maharage, viazi, pareto na mifugo. Hayo yalikuwa mahitaji ya taifa lililoogopa njaa, na sina lawama kwa waliochagua hivyo. Lakini taathira yake ilikuwa kwamba elimu ya tunda baada ya kuchumwa ilibaki nyuma kwa kizazi kizima, ilhali huko ng'ambo ilikuwa ikienda mbio: katika miaka ya kwanza ya 1980 Waingereza walikuwa wakizijaribia ndizi utando wa esta za sukari na asidi za mafuta, na katika miaka iliyofuata wataalamu wa nchi mbalimbali wakaongeza kitosani, kitokanacho na magamba ya kamba na kaa, ute wa mshubiri, na gundi ya migunga, ile ile ambayo wafugaji wa Singida na Dodoma huiona ikitiririka katika miti wakati wa kiangazi.

Kuingia kwa Hass

Mnamo mwaka 1935 tarishi mmoja wa California, Rudolph Hass, alipata hataza ya mparachichi ulioota bustanini mwake kwa bahati. Tunda lake lilikuwa na ganda nene lenye vipele, lililogeuka kutoka kijani kuwa jeusi kwa kuiva, na lilistahimili safari kuliko ndugu zake. Miongo saba baadaye mti huo uliibadili nchi ya Rungwe. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Kampuni ya Parachichi ya Rungwe ilianza kuwapa wakulima wadogo miche ya Hass iliyounganishwa, na kununua matunda yao kwa ajili ya Ulaya. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, ikafuata kwa kasi, na Mufindi na Kilolo nazo zikapanda. Chama cha wakulima wa mboga, matunda na maua, TAHA, kilichoanzishwa mwaka 2004 huko Arusha, kikafungua kazi zake kusini, na mpango wa SAGCOT wa ukanda wa kilimo, uliotangazwa mwaka 2010, ukaitaja nchi hii miongoni mwa maeneo yake. Watu wakaanza kuiita parachichi dhahabu ya kijani.

Tunda hili lina tabia ya pekee inayolifanya lifae kwa habari yetu. Haliivi likiwa mtini. Hukomaa huko, likajaa mafuta, likangoja. Na saa ya kuiva huanza siku lichumwapo. Kwa hivyo kila siku iliyopita tangu kuchumwa ni siku iliyokwisha kutumiwa, na njia ya kutoka Rungwe ilikuwa na siku nyingi. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya parachichi za Tanzania zilipelekwa kwa barabara, zaidi ya kilomita 1,000, mpaka bandari ya Mombasa, zikaingia katika makontena ya ubaridi wa kiasi cha nyuzi 5 hadi 6, na kukaa baharini majuma matatu au manne. Zilizofika laini zilikataliwa, na hasara ya kukataliwa huko ilirudi ikapanda mlima mpaka kwa mama mwenye miti 10 pale Kiwira, Rungwe.

Hapo, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, kuchelewesha kukawa na bei. Kila siku iliyoongezwa katika uhai wa tunda ikawa fedha inayohesabika, na utando, uliokuwa hauna kazi kwa miaka 100, ukapata sababu ya kutafutwa.

2012 hadi 2020: Morogoro, Nairobi na California

Miongoni mwa waliotangulia kulitafuta jambo hili karibu nasi kilikuwamo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mji ambao kila lori la matunda litokalo Iringa kwenda Dar es Salaam huupita. Kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Guelph cha Canada, na taasisi za Kenya, India, Sri Lanka na Trinidad, kwa fedha za serikali ya Canada kupitia IDRC, kituo chake cha utafiti wa maendeleo, wataalamu wa Sokoine walifanya majaribio ya heksanali, kitu kitolewacho na mimea yenyewe, ambacho harufu yake ni ile isikikayo majani mabichi yakikatwa. Kwa hakika heksanali si utando. Huzuia kimeng'enya kinachobomoa utando wa kila chembe ya tunda, na tunda lililonyunyiziwa lingali mtini, au kutumbukizwa katika maji yenye dawa hiyo baada ya kuchumwa, hukawia kulegea. Naitaja hapa kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na utando, nao ukoo huo ni wa kuchukua silaha ya mmea wenyewe na kuiongezea nguvu.

Huko Nairobi, Profesa Jane Ambuko pamoja na wanafunzi na wenzake waliyapaka maembe ya aina ya ngowe, embe mashuhuri la pwani, nta za namna mbili, ya lakiri na ya kiwandani, wakaona kwamba yaliyopakwa yalipungua uzito kidogo na kukawia kuiva kuliko yasiyopakwa, hasa yakiwekwa mahali pa baridi. Jambo hilo lina maana kubwa kwetu, kwani linaonyesha kuwa utando na ubaridi ni ndugu wanaosaidiana; asiye na ubaridi hupata nafuu, na mwenye ubaridi hupata nafuu zaidi.

Wakati huo huo huko California kampuni ya Apeel, iliyoanzishwa na James Rogers mwaka 2012 na kupata msaada wake wa kwanza kutoka mfuko wa Bill na Melinda Gates, ilikuwa ikitengeneza unga wa mafuta ya mimea unaochanganywa na maji na kupakwa juu ya tunda. Parachichi zilizopakwa unga huo zilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 2018, na mwaka 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, pamoja na wengine, liliweka fedha katika kampuni hiyo kwa makusudio ya kuifikisha kwa wakulima wadogo wa nchi kadhaa, Kenya na Uganda zikiwamo. Manufaa ya utando huo siyakanushi. Walakini unga wenye hataza hununuliwa kwa bei ya mwenye hataza, na mashine zake huwekwa palipo na mzigo mkubwa. Mchuuzi wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, mwenye makreti manne hayumo katika hesabu hiyo.

Tangu 2022: masoko ya mbali na bahari iliyofungwa

Mwezi Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing, ilitiwa saini itifaki ya kuuza parachichi mbichi za Tanzania katika China. Bandari ya Dar es Salaam nayo ilikuwa imeanza kushika shehena ambayo zamani ilikwenda Mombasa, na safari ya nchi kavu ikafupika. Furaha hiyo haikudumu bila ya doa. Mwishoni mwa mwaka 2023 meli zilianza kushambuliwa katika Bahari Nyekundu, makampuni ya meli yakazizungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya Ulaya ikaongezeka kwa kiasi cha majuma mawili. Kwa kahawa na chai hiyo ni nauli tu. Kwa parachichi ilikuwa tofauti ya kufika gumu na kufika bovu, na wauzaji wote wa Afrika Mashariki waliionja.

Nasema bila kusita kwamba utando hautaponya kila ugonjwa. Parachichi changa iliyochumwa kwa tamaa ya bei ya mwanzo wa msimu, kabla nyama yake haijafikia kile kipimo cha ukavu cha asilimia 21 kitakiwacho kwa Hass, itanyauka na kuwa na ladha ya maji hata ikipakwa nta ya dhahabu. Na tunda lililotupwa ndani ya gari likachubuka limekwisha kupoteza ngozi ambayo utando ungeikalia. Walionunua kwa pupa na kuwashawishi wakulima wachume mapema wameidhuru sifa ya nchi hii kuliko bahari yoyote. Lakini pale tunda lililokomaa linapochumwa kwa mkasi, kikonyo kikabaki, likawekwa kivulini na kufikishwa kituo cha kufungashia siku ile ile, utando mwembamba waweza kumpa mkulima muda ambao hapo zamani hakuwa nao, na kumpa mchuuzi wa ndani muda huo huo bila ya umeme.

Nami naelekeza matumaini yangu kwenye nta ya nyuki kabla ya kitu kingine. Hataza juu ya matumizi yake ya asili hakuna. Sheria za Umoja wa Ulaya huikubali, kwa jina la E901, juu ya ganda la parachichi, embe, ndizi na machungwa. Viwango vya kimataifa vya chakula huitambua. Na hapa nyumbani Shirika la Viwango, TBS, lililopewa mwaka 2019 kazi ya usalama wa chakula, ndilo lenye mamlaka ya kuipima na kuipitisha. Kuitumia, nta husafishwa, huyeyushwa, kisha huchanganywa na maji na mafuta ya mimea kwa nguvu mpaka ikawa nyeupe kama maziwa, na tunda lililooshwa na kukauka huchovywa humo au kufutwa kwa sponji, likaachwa likauke tena kabla ya kupangwa.

Nta hiyo yatoka Chunya hadi leo, na mabonge yake yapita barabara ile ile zipitayo parachichi, yakielekea bandari ile ile, yakiwa ghafi. Kinachotakiwa ni kiwanda kidogo cha kuisafisha na kuichanganya, vipimo vya kuhakikisha unene wake hauchachishi tunda, na majaribio ya misimu michache juu ya parachichi za Rungwe, Njombe na Mufindi, za kienyeji na za Hass, zilizowekwa katika ubaridi na zilizowekwa sokoni juani, yafanywe pale Uyole mbele ya wakulima na wachuuzi wenyewe, na matokeo yake yachapishwe kwa Kiswahili.